Kiboksi Chekundu Kwenye Simu ya Mama

Mama yangu hafungui kitu kwenye simu. Anaangalia uso wake tu, kama mtu anavyochungulia nje kujua kama mvua imeanza, kisha anairudisha kwenye mkoba. Jambo lisilokuwepo pale usoni, kwake halipo. Kwa hiyo nilipoamua kumtengenezea kitu cha kumkumbusha dawa yake ya macho, nilijua tangu mwanzo kwamba hakiwezi kufichwa ndani ya programu ambayo lazima aiguse, aisubiri, aisome. Kilipaswa kukaa nje, kikubwa, chenye rangi. Sisi watengeneza programu za simu tunakiita wijeti. Mama alikiita kale kaboksi kako, na mimi nikazoea kusema kiboksi hata mbele ya wateja wangu wa maana.

Dawa yenyewe ni ya presha ya macho. Muuguzi wa kliniki alitueleza polepole kwamba uoni uliokwishapotea haurudi, unalindwa uliobaki tu, na unalindwa kwa tone moja kila jicho asubuhi na tone moja kila jicho jioni, bila kuruka na bila kuzidisha. Mama alisikiliza kwa adabu, akashukuru. Tulipotoka nje akaniuliza kama tone likidondokea shavuni linahesabiwa.

Mambo yangekuwa mepesi kama ingekuwa ni dawa tu. Kaka yangu mkubwa, anayeishi Vwawa na familia yake, alikuwa ameanza kusema kwamba mama anasahau. Mama alimpigia asubuhi moja kumpa habari za ndugu yetu wa Ileje aliyejifungua, na kabla ya mchana akampigia tena kumpa habari zile zile, kwa furaha ile ile. Kaka aliona hatari kila upande. Mama anaishi peke yake Tunduma. Macho yanafifia. Karibu kila siku anavuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kuuza maharage, akipita katikati ya malori yasiyoisha. Kaka alitaka afunge nyumba, aache biashara, ahamie Vwawa kwenye chumba alichokuwa amekwishakipaka rangi.

Mama hakutaka hata kukisikia. Nyumba ile waliijenga na marehemu baba, na huko ng'ambo ana meza yake sokoni ambako wateja wanamwita ba mayo, yaani mama kwa Kibemba, na kumtunzia nafasi asipofika. Alisema kwamba akihamia kwa mwanawe atakuwa mgeni asiyeaga.

Tulikaa kikao nyumbani kwa kaka, na mimi kitinda mimba, niliyezaliwa na mdomo kabla ya akili, nikasema mama hasahau, ana shughuli nyingi tu. Kaka akauliza nina ushahidi gani. Hapo ndipo nilipojipalia makaa. Nikasema nitatengeneza kiboksi kwenye simu ya mama, na vingine ndugu zake kwenye simu ya kaka na yangu, vionyeshe kitu kimoja. Kikiwa chekundu kimeandikwa BADO, maana yake hajaweka dawa. Akiweka anakibonyeza, kinageuka kijani, TAYARI. Saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni kinarudi chekundu chenyewe. Kiachwe kifanye kazi mpaka msimu wa kuvuna kahawa uishe. Kikionyesha mama anaweka dawa yake vizuri, anabaki kwake. Kikionyesha hawezi, anahama bila ubishi.

Wote tukakubali. Mama alikubali wa mwisho, baada ya kuuliza kama hako kaboksi kanajua Kindali, lugha yetu ya nyumbani. Kaka, kwa moyo mweupe kabisa, akamnunulia simu mpya yenye kioo kipana, akaiwasha na kuipanga mwenyewe pale pale Vwawa, akamwekea laini zake zote mbili, ya kwetu na ile ya Zambia ya wateja wake.

Mwanzo kilikuwa kijani kupita kiasi. Kaka alinipigia kunipongeza. Kila akiangalia, TAYARI. Nikaringa. Asubuhi moja nikapita kwa mama kumpelekea mkaa, nikamkuta anajifunga kanga, ndiyo kwanza anaamka, na simu juu ya stuli imeandika TAYARI kwa herufi kubwa. Nikamuuliza kama ameweka dawa. Akaiangalia simu, akasema ameweka. Nikamwambia, mama, umeamka sasa hivi. Akasimama, akafikiri, akasema pengine aliweka akarudi kulala, maana simu inasema hivyo.

Sikupenda jibu lile. Nilikuwa nimejiandaa kwa simu kukosea, na kwa mama kukosea. Sikuwa nimejiandaa kwa mama kuiamini simu kuliko mkono wake.

Niliporudi kwangu, hapo hapo Tunduma, nilielewa kosa, au nilidhani nimelielewa. Kiboksi cha namna ile kinaonekana kama kiko hai, lakini ni picha tu. Ni kama kalenda ya ukutani, ambayo haijui kwamba mwezi umeisha mpaka mtu aje kuifunua karatasi. Yule mtu ni programu yangu, na simu, kwa kutunza chaji, ilikuwa inamlaza usingizi. Niliiomba simu imwamshe ikipata nafasi. Simu haikupata nafasi. Ikabaki na picha ya jana, kijani kibichi, na mama akaisoma kama habari ya leo. Nikaandika upya, safari hii nikadai kengele ya lazima, ile ambayo simu haiwezi kuiahirisha mwenye nayo akishairuhusu, nikakaa na mama nikaziruhusu ruhusa zote moja moja huku akiniuliza kila moja inaruhusu nini.

Ikakaa sawa siku chache, halafu Jumapili ikaharibika tena. Jumatatu ikawa mbovu, Jumanne nzuri. Wiki iliyofuata ikarudia. Nilifikiria mtandao, nikafikiria kaka ana mkono mbaya, nikafikiria mengi nisiyoweza kuyaandika hapa. Kumbe mama akiingia kanisani hanyamazishi simu kama wengine. Anaizima kabisa, na anaisahau imezimwa hadi mteja alalamike. Simu ikizimwa, kengele zote nilizozipanga zinafutika, na ikiwashwa haikumbuki kwamba iliwahi kuahidi kitu. Nikaiandikia kwamba kila inapoamka, kabla ya jambo lingine lolote, iulize ni saa ngapi, ilinganishe na ilichokiacha, ipange kengele upya.

Nilimpigia kaka kumweleza. Akasema sawa, ila alitaka kujua ni mara ngapi itakuwa ni simu.

Ukaja ugonjwa wa jioni, na huu ndio ulionivuruga. Jioni nyingine kiboksi kilikuwa kijani na kikabaki kijani. Jioni nyingine mama anakibonyeza, kwangu kinageuka TAYARI, kaka naye anakiona, na baadaye, kama nusu saa hivi, wakati mwingine zaidi, kinarudi BADO. Nikimpigia mama, anasema ameweka. Nikimuuliza ameweka mara ngapi, anasita. Kusita kule kulinitisha. Nikafungua programu kwenye simu yangu, nikaipitisha jioni za majaribio moja baada ya nyingine, na ikafanya kazi yake kama mwanafunzi bora wa darasa. Nikarudia tena. Hakuna kosa.

Kaka alianza kupiga kila jioni. Hakuwa mkali, na hilo ndilo lililokuwa baya. Alikuwa mpole kama mtu anayezungumza na mfiwa. Aliniambia mwenye macho haambiwi tazama. Nikamkatia simu, kisha nikampigia tena kumwomba radhi, maana ni kaka yangu mkubwa na alichokisema kilikuwa kinanisumbua hata mimi. Nikaanza kumwangalia mama kwa jicho la upelelezi. Nikimkuta anasimulia jambo, nahesabu kimoyomoyo kama alishawahi kunisimulia. Nikimwona amesimama mlangoni kama mtu aliyesahau alichokuwa akikiendea, natulia nione ataendea nini. Wakati mwingine alikuwa anasikiliza jirani tu.

Halafu macho yake yakawa mekundu, yanawasha. Huko kliniki muuguzi aliyaangalia akaniuliza pembeni kama tuna hakika mama haongezi matone. Nikasema hapana, tatizo letu ni kwamba anaruka. Muuguzi akaniangalia, nikamwangalia. Sikuwa na uhakika na neno hata moja nililolitamka.

Nikaamua kwenda kukaa naye nyumbani alasiri nzima mpaka jioni iingie, nione kwa macho yangu. Sikumwambia sababu. Nilimkuta anachagua maharage kwenye ungo, redio imewashwa. Nikachukua upande mmoja wa ungo. Redio ikatangaza saa kumi na mbili, na hapo hapo kiboksi mezani kikageuka chekundu, kama nilivyokiagiza. Mama akanawa mikono, akaegemea kiti, akafumbua jicho kwa vidole, tone likaingia, akafanya na la pili, akafumba, akapapasa simu, akabonyeza. Kijani. Nilifurahi hadi nikataka kumpigia kaka.

Tulikunywa chai. Mama akaichukua simu akaiweka dirishani, kwa sababu mteja wa Nakonde alikuwa ameahidi kupiga na laini ya kule inashika vizuri pale. Tukaendelea na maharage. Giza lilikuwa limeanza kuingia nilipoinua uso nikaona wekundu dirishani. BADO.

Nikamuuliza amegusa nini. Hajagusa kitu, na mimi nilijua hajagusa, nilikuwa nimekaa naye goti kwa goti. Nikaiendea simu. Kwenye kona yake ya juu saa ilikuwa inasema kumi na mbili, ndiyo kwanza imeingia. Nikaitazama yangu: saa moja. Redio nayo ilikuwa inaanza taarifa ya habari ya saa moja. Nilisimama pale nikiangalia huku na huku, akili imeganda, nisijue ni nani amechelewa na ni nani amewahi. Kisha nikaelewa.

Simu ilikuwa imehamia Zambia bila kunyanyuka dirishani.

Mtu wa Tunduma haambiwi jambo hili. Ng'ambo ya ile barabara saa iko nyuma yetu kwa saa moja, na ukimwahidi mtu hapa kwetu, swali la kwanza ni saa ya wapi. Anayechelewa kikao hujitetea kwa saa ya Zambia, na anayewahi kuondoka kazini hujitetea kwa saa ya Tanzania. Simu zikinusa mnara wa kule zinabadilika zenyewe, kwa hiyo mtu wa hapa akinunua simu, kabla hajaandika hata namba ya mkewe, anaingia kwenye mipangilio anaifunga saa isihame. Yangu niliifunga miaka mingi iliyopita, na nilikuwa nimesahau kabisa kwamba simu ina tabia hiyo. Majaribio yangu yote niliyafanya kwenye simu iliyofungwa. Ya mama ilinunuliwa Vwawa na kupangwa Vwawa, ambako minara ya Zambia haifiki na hakuna mtu anayefunga saa ya chochote. Ikawa na laini mbili, kila moja na saa yake, na ikawa inaisikiliza iliyo karibu. Saa kumi na mbili ikaja mara mbili jioni moja. Kiboksi kikatii mara mbili.

Na mama akatii nacho. Nilipomuuliza vizuri, sasa bila upelelezi, alikiri kwamba kikigeuka chekundu tena alikuwa anaweka tena. Alidhani mimi na muuguzi tumekubaliana kuongeza dozi, tukaipitisha kwenye simu. Nikamuuliza kwa nini hakutuuliza. Akaendelea kuchagua maharage. Akasema aliogopa kuuliza, kwa sababu ingekuwa ameambiwa na amesahau, angekuwa amejishtaki mwenyewe.

Nilimpigia kaka nikiwa nimesimama nje, nikizungumza haraka. Akauliza, kwa hiyo ni mimi? Nikamwambia ni mimi na wewe, tugawane. Tukacheka, kwa mara ya kwanza tangu kikao kile. Akasema hajawahi kusikia mtu anazidishiwa dawa na mnara wa nchi jirani.

Niliifunga saa ya simu ya mama jioni ile ile, lakini sikuridhika na hapo. Kufuli la saa mtu yeyote anaweza kulifungua kwa bahati mbaya. Nikaibomoa programu nikaijenga upya. Nikaifundisha isitazame uso wa saa hata kidogo. Ihesabu muda uliopita tangu mama alipobonyeza, na ijue jioni ya Tunduma hata ikiwa mfukoni Nakonde. Nikaongeza na rangi ya tatu, ya kijivu, imeandikwa SIJUI. Ikiwa simu imezimwa, au imelala, au imeona saa inaruka bila sababu, kiboksi kiseme SIJUI badala ya kujifanya kinajua na kuonyesha picha ya zamani.

Kaka hakupenda SIJUI. Alisema kifaa kinachosema hakijui kina kazi gani, bora amuulize jirani. Nikamwambia ndiyo maana yake, ukiona kijivu umpigie mama, umuulize. Alikuwa amezoea kuniuliza mimi. Siku chache baadaye mama akanisimulia, kwa majivuno kidogo, kwamba kaka yako siku hizi anapiga tu, hana shida yoyote, anauliza hali.

Macho yakaacha kuwasha. Kahawa ya kule mashambani Itaka na kwingineko ikawa inamalizikia, watu wanaokota za mwishomwisho, na kiboksi kilikuwa kimetulia: chekundu asubuhi, kijani, chekundu jioni, kijani. Niliwasimulia wenzangu wa kazi kisa cha saa mbili za Tunduma nao wakacheka mpaka machozi. Nilikuwa nimeshinda. Mama anabaki kwake.

Halafu siku moja kikakaa chekundu kuanzia asubuhi mpaka mchana.

Sikushtuka. Nilisema ni simu. Nilipita kwake jioni, kila kitu kilikuwa sawa, saa imefungwa, ruhusa zote zipo, kengele zote zimepangwa. Mama alisema ameweka. Wiki ile ikatokea tena, jioni, na wiki iliyofuata tena, mara mbili. Nikamwazima mama simu yangu ya zamani yenye kiboksi kile kile, yake nikaichukua, nikaitesa. Niliizima na kuiwasha. Niliiacha ife chaji. Nilivuka nayo mpaka Nakonde, nikasimama sokoni katikati ya watu wanaobishana kwa Kibemba na Kiswahili, nikaitazama kama mwendawazimu, nikarudi nayo Tunduma. Niliifungua saa makusudi nikaiacha ihame itakavyo. Kila nilipojaribu kukikosesha kilikuwa sahihi, na kila kilipokuwa sahihi mimi nilizidi kukosa raha. Sijawahi kutafuta kosa kwa hamu namna ile. Kazi yetu ni kuyaogopa makosa. Mimi nilikuwa naliomba moja lijitokeze, hata dogo, hata la aibu.

Kaka alikuwa anaona kila kitu. Alikuwa ananiuliza, ni simu? Nami nilikuwa namjibu, ni simu, naiangalia. Alinikubalia. Nilikuwa nimeshasema hivyo mara tatu huko nyuma na mara zote tatu ilikuwa kweli. Msimu wa kahawa ulikuwa umekwisha na wala hakuuliza habari ya makubaliano yetu.

Nilimrudishia mama simu yake alasiri moja ya upepo, vumbi la malori limetanda mpaka sebuleni. Kiboksi kilikuwa chekundu tangu asubuhi. Nilimkuta amekaa, ungo uko miguuni, maharage yamechaguliwa yamekwisha, na chupa ya dawa iko kwenye ungo katikati ya maharage mabovu. Sikusema kitu juu ya hiyo chupa. Nilimuuliza kama ameweka dawa. Akasema ameweka. Kisha akaiona chupa mahali ilipo, akaitoa, akaitikisa karibu na sikio.

"Niambie ukweli, mwanangu," akasema. "Ni simu au ni mimi?"

Nilianza kumweleza kuhusu kengele na chaji. Nilisikia sauti yangu ikieleza. Alinisubiri nimalize, kama alivyomsubiri muuguzi, kwa adabu ile ile, na mimi nikaishiwa maneno kabla sijafika popote. Nikamwambia simu ni nzima, nimeitazama kila mahali. Sikuweza kusema nusu ya pili.

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa jibu la kipimo alilokwishalijua.

"Kale kaboksi ka kwanza kalikuwa kananitetea," akasema.

Nilikaa chini kwenye mkeka. Nilijua alichokuwa anakisema na nilijua pia, kwa hesabu ya haraka ya mtu wa kazi yangu, kwamba linawezekana. Mistari michache tu. Kiboksi kichelewe kidogo kuwa chekundu, kiharakishe kuwa kijani, kaka aone kijani Vwawa na alale salama. Hakuna ambaye angegundua, isipokuwa macho ya mama yenyewe, na hayo yangechukua muda mrefu kusema. Nilimpenda mama yangu na niliitaka nyumba ile ibaki na moshi jikoni, na sikuona kabisa ni lipi, kudanganya au kusema ukweli, ndilo la kumpenda.

Simu yangu ikaita. Alikuwa kaka. Nikaipokea nikaiweka sauti ya juu kwa sababu mama alikuwa ananiangalia, na kunong'ona mbele yake kungekuwa dharau. Alisalimia, akasema ameona chekundu tangu asubuhi. Akauliza, bila hasira, akiwa tayari kabisa kuniamini, "Ni simu tena?"

Nilifungua mdomo. Mama akanyoosha mkono, nikampa simu. Aliishika mbali na uso, kwa mikono miwili, jinsi anavyofanya siku hizi ili aone ni nani.

"Baba," akamwambia, "simu ni nzima. Ni mimi nimesahau, leo na juzi. Njoo Jumamosi tuongee. Lakini usije na gari la mizigo."

Kaka akasema, "Sawa, mama," na mama akamwambia amsalimie mkewe, akanirudishia simu kabla haijakatika.

Kisha akaniuliza kama tone la asubuhi linaweza kuwekwa mchana. Nikamwambia muuguzi alisema ukikumbuka unaweka. Tangu dawa ile ianze hajawahi kumruhusu mtu amwekee, hata pale mkono ulipomtetemeka, hata siku niliyomwona amekosa jicho na kudondoshea pua. Aliegemea kiti, akanikabidhi chupa, akafumbua jicho la kulia kwa vidole viwili na kulielekeza juu, kwangu, likiwa wazi kabisa, akanisubiri.